Mtoto wa Kwenye Kiberenge

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilishonwa upya kwa uzi wa gunia, kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mende, na kilinuka kama sanduku lililokaa miaka bila kufunguliwa. Mpangaji wetu alikipata kwa bosi wake Mwingereza, aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kubeba makaratasi. Wenzake ofisini walichagua viatu na makoti, mmoja akaondoka na saa ya ukutani. Yeye akachagua kitabu. Baba yangu alipoambiwa alicheka mpaka akapaliwa.

Siku hizo tulikaa Temeke, na Temeke yenyewe ilikuwa nusu mji nusu mikorosho. Maji ya bomba yalikuwa ya wenye bahati zao. Sisi wengine tulikunywa ya kisima, na visima vingi, tangu kwetu hadi Kinondoni na Tandale, vilichimbwa na baba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwona anaonja udongo kwa ncha ya ulimi ungedhani kapungukiwa na akili, kumbe anatafuta maji yako. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdomo mrefu na hasira za karibu, na nilikuwa mtoto pekee nyumbani.

Sikuwa pekee tangu mwanzo. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Homa ilimchukua kabla ya mvua za vuli, amekwisha kujua kukimbia lakini hajajua kusimama, kila akikimbia ilibidi mtu amdake. Alikufa alfajiri, na kabla jua halijawa kali baba alikwisha kumtoa nje mikononi, kafungwa ndani ya sanda, wanaume nyuma yake. Sisi wanawake tulibaki ndani kama ilivyo desturi yetu. Baba aliporudi, mama alimuuliza, "Umemwekaje?" Baba akajibu, "Yuko kwa Mungu," akavua kanzu yake akaitundika msumarini. Mama hakuuliza tena.

Tangu siku hiyo mama alizungumza kwa kipimo. Alipika, alifagia, alisuka ukili wa mikeka. Kanzu ile nayo ilikuwa imemkaa rohoni, kwa sababu baba alikataa isifuliwe. Ilining'inia msumarini, pindo lina udongo, na mama alipoigusa tu baba alisema, "Iache." Basi ikaachwa, na kila Ijumaa baba akaenda msikitini na kanzu ya pili, iliyochakaa kwenye kola.

Mpangaji wetu alikuwa Mkristo wa kutoka bara, karani, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama suruali yake. Tulimwita Mwalimu ingawa hakuwa akimfundisha mtu, kwa vile alikuwa na karatasi nyingi. Jioni moja, baada ya alasiri, mama na jirani zake wawili walikuwa uani wanasuka ukili, yeye amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nusu ndani nusu nje, kwa adabu, macho kwenye kitabu. Jirani mmoja akamchokoza.

"Mwalimu, hicho kitabu kinakwambia nini hata ukakunja uso hivyo?"

"Kinasema dunia imekwisha, mama."

"Ee! Na wewe umekaa?"

Wakacheka. Wakamtaka asome, awageuzie kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo dunia ilivyoanza kwisha uani kwetu, kila jioni, mpaka adhana ya magharibi.

Sijui niielezeje hadithi ile. Kulikuwa na vita huko kwao, vita vya moto, na moto ulipozimika likabaki jivu. Jivu lilinyesha mchana na usiku. Majani yalikufa, ng'ombe wakafa, watu wakafa mezani chakula kikiwa mbele yao. Akabaki mtu mmoja, kazi yake ya zamani ilikuwa kuonyesha treni taa nyekundu na kijani. Huyo akaokota mtoto mdogo kwenye stesheni tupu, akampandisha kiberenge, kile kigari cha kusukuma kwa mikono kwenye reli, wakaanza kwenda. Alikuwa na imani kwamba reli lazima ifike mahali. Wakafika stesheni, hakuna mtu. Wakafika ya pili, hakuna mtu.

"Hata kunguru?" mama aliuliza.

Mwalimu akatazama kitabu. "Hata kunguru."

Mama aliinua macho. Juu ya ukuta wetu, kama siku zote, kunguru saba au wanane walikuwa wanagombea utumbo wa samaki. Kunguru wa Dar hakuna asichokishinda. "Basi kweli imekwisha," alisema, na hilo lilikuwa neno lake refu la wiki ile.

Mimi nilishikwa na baridi mchana kweupe. Nilikuwa nimefundishwa chuoni, kwenye Kurani, habari za Kiyama, nikamwogopa Mungu inavyopaswa. Lakini Kiyama kina kelele, kina baragumu, kina watu wote pamoja. Huku hakukuwa na kelele. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa na wino akaiondoa dunia nzima, mji kwa mji, kisha mtu mwingine akaja Temeke akaiondoa tena kwa mdomo mbele ya wanawake watatu. Usiku nililala nimeshika ukingo wa kitanda. Mchana nilihesabu saa mpaka alasiri.

Ila yule mtoto wa kwenye kiberenge alikuwa kichekesho. Aliuliza maswali. Aliuliza kama treni zimekufa au zimelala. Aliona jivu akasema mbingu inapepeta unga. Siku moja alikataa kushuka kwenye kiberenge mpaka yule mtu amwamkie yeye kwanza, kwa sababu yeye ndiye nahodha. Jirani zetu walianguka kwa kicheko, na mama akacheka. Ndiyo, mama yangu. Kilikuwa kicheko kidogo kilichotoka puani, lakini mimi nilikisikia, na baba aliyekuwa ananawa matope karibu na choo alikisikia pia, maana aliacha kumimina maji.

Mama naye alikuwa na maswali yake, na kila mara yalimhusu mtoto. "Huyo mtoto analala upande gani?" Au, "Chini pake pana nini?" Au, "Amefunikwa uso?" Mwalimu alitazama kitabu kwanza, ndipo akajibu, "Upande wa kulia, mama. Chini pana koti. Uso uko wazi." Mimi nilidhani Kiingereza ni kigumu, ndiyo maana anakawia.

Siku moja alikwenda kuoga akakiacha kitabu kizingitini, jani la mkorosho limewekwa pale alipofika. Shuleni tulikuwa tumeanza Kiingereza, na nilijiona bingwa. Nikakichukua. Nilianza kwenye lile jani nikimtafuta mtoto. Simwoni. Nikarudi nyuma ukurasa, nikarudi tena, kidole kikipita chini ya mistari kama siafu. Mtu yupo, kiberenge kipo, mtoto hayupo. Nilirudi nyuma sana, mpaka stesheni ya tano, ndipo nikamkuta. Ilikuwa sentensi fupi, ya maneno ambayo hata mimi niliyajua yote. Mtoto alikuwa amekufa. Tangu hapo kitabu kizima, zaidi ya nusu, yule mtu alikuwa anasukuma kiberenge peke yake.

Mwalimu alirudi kutoka bafuni, taulo shingoni. Hasira zilinipanda. Lakini nilikuwa nimelelewa, na mtu mzima hashambuliwi hivi hivi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mtoto amekufa."

"Marahaba," alijibu, kwa mazoea tu. Kisha akaona kitabu mkononi mwangu, akakaa chini palepale akiwa na taulo lake.

Hakunikemea. Aliniambia kwamba siku alipofika ukurasa ule alikuwa tayari kuusoma. Alifungua kinywa. Akamwona mama ameacha kusuka, anamtazama, ukili umesimama vidoleni. "Ulimi ulikataa," alisema. "Nikasema mtoto ameamka, anataka maji. Basi. Ukishampa maji leo, kesho atataka kula." Tangu siku hiyo, akiwa ofisini anaandika barua za watu, akiwa njiani kurudi, alikuwa anafikiria mtoto atasema nini jioni. Treni zilizolala, mbingu inayopepeta unga, unahodha, yote yalikuwa yake.

Nilimtazama mtu yule mwembamba kama vile sijawahi kumwona. Hasira yote ilinitoka. Aliyeandika kitabu aliweza kuua dunia nzima, na hilo lilinishangaza. Lakini huyu wetu, anayekula maharage kwenye sahani ya bati, alikuwa amemchukua mtoto mmoja akamvusha stesheni kumi na moja za jivu bila msaada wa hata neno moja lililoandikwa. Sikuwa na jina la kitu kile. Nilimrudishia kitabu kwa mikono miwili, kama tunavyorudisha msahafu, na siri ikawa yetu.

Tungefika nayo mbali, kama si yeye mwenyewe kuponzwa na mdomo wake. Wiki chache baadaye alirudi kutoka mjini mbio mbio, jasho linamtiririka, gazeti mkononi. Hata hodi hakupiga vizuri.

"Jamani! Wameifanya sinema! Hadithi yetu! Italetwa hapa mjini!"

Kwenye gazeti kulikuwa na picha. Mtu amesimama juu ya kiberenge, kofia imejaa jivu, reli inakwenda mpaka inapotea. Tulisongamana. Jivu lile, ambalo tulikuwa tumelisikia tu, lilikuwa hapo limeshuka kweli kwenye mabega ya mtu. Jirani mmoja aligusa karatasi akatazama kidole chake. Hakuna aliyemcheka.

"Mtoto yuko wapi?" mama aliuliza.

Hapo ndipo Mwalimu alipotambua alichofanya. Niliona uso wake ukisawijika. "Amekaa nyuma yake," alisema. "Hapa haonekani."

"Mie nitakwenda," mama akasema.

Mama yangu hakuwahi kuingia sinema. Alikuwa akisema ni mahali pa giza pa watu wasio na kwao. Sasa alitoa doti mpya ya kanga sandukuni, akapiga buibui pasi, akawauliza jirani wanaojua kama mtu huvua viatu mlangoni. Kila siku alimuuliza Mwalimu sinema inakuja lini, na kila siku Mwalimu akazidi kukonda. Kusoma aliendelea, lakini mtoto alipungukiwa na mizaha. Mimi nilimwomba Mungu kila sala kwamba meli inayoileta izame, kisha nikaomba msamaha kwa ajili ya mabaharia.

Hatimaye alikuja kukiri. Ilikuwa jioni, jirani hawajafika, mama yuko peke yake na ukili wake, baba ananawa miguu pale pale pake. Mwalimu hakukaa kizingitini. Alisimama.

"Mama, nimekukosea. Mtoto alikufa."

Mama aliendelea kusuka. "Lini?"

"Stesheni ya tano."

"Tangu stesheni ya tano?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule aliyekuwa anauliza maswali?"

"Ni mimi."

Ukili ulizunguka vidoleni mara mbili, tatu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nikingoja alie au amfukuze. Mama aliinua macho, akasema, "Masikini. Umechoka kweli."

Mwalimu alifuta uso kwa kiganja. Akasema ndiyo sababu anamsihi asiende sinema, maana kule hakuna wa kumgeuzia, atayaona yote kama yalivyo, mtoto anakufa, mtoto analazwa chini.

"Sasa ndiyo nitakwenda," mama akasema.

"Mama!"

"Huko mtoto anazikwa?"

"Kitabuni wamesema mtu yule alimzika kando ya reli. Basi. Sinema huonyesha kila kitu."

"Ndicho ninachokitaka." Aliweka ukili mapajani. "Mwanangu alitoka mlango ule kabebwa, na mie nimebaki humu na wanawake wenzangu. Sijui kawekwaje. Sijui chini pake pana nini. Naambiwa yuko kwa Mungu. Najua yuko kwa Mungu! Mie nauliza udongoni. Mwanamume anamlazaje mtoto udongoni? Anaanza na kichwa, anaanza na miguu? Hakuna wa kuniambia. Basi nitakwenda kumtazama Mzungu."

Sijapata kusikia, wala kabla wala baada, mtu akisema jambo lililonitikisa kama lile. Miezi ile yote mimi na Mwalimu tulikuwa tumemficha mama kaburi, na kumbe kaburi ndilo alilokuwa analitafuta. Maji yaliacha kumwagika kule alikokuwa baba. Alisimama, kata ya maji mkononi, mguu mmoja una matope. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele.

Sinema ilifika mjini, na sisi hatukuiona. Mwalimu alikwenda mwenyewe kuuliza, akarudi taratibu. Kwenye tangazo kulikuwa na kibandiko. Wakubwa wa serikali waliokuwa wakipitisha picha za sinema walikuwa wameamua hiyo si ya Waafrika. Wazungu waingie, Wahindi waingie.

"Kwa nini?" nilifoka.

"Wanasema itatutia hofu."

Mama alirudisha doti yake sandukuni. "Hofu," alisema, akafunga kifuniko. Nilikuwa nimeomba meli izame, na sasa ombi langu limejibiwa na kibandiko. Nilijionea haya, na niliwaka. Mpaka leo nikikumbuka kibandiko kile damu inanichemka, na mimi ni mtu mzima mwenye presha.

Mama akarudi kwenye ukimya wake. Siku ya tatu hivi, Ijumaa, baba alirudi kutoka msikitini, bado mchana. Hakwenda kula. Alipita ukumbini akaingia chumbani, akatoka na mto wa kulalia umefungwa kwenye kanga nyeupe. Mwalimu na mimi tulikuwa mlangoni, na alitupita kana kwamba sisi ni nguzo.

"Njoo," alimwambia mama. "Njoo uani."

Alichukua kijiti akachora kwenye mchanga. Mstari mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Umbo lenyewe lilikuwa dogo la kutisha. Upande mmoja akachora jingine, jembamba zaidi. "Hii ni mwanandani," alisema. "Ndani ya kaburi, ubavuni, upande wa kibla. Nilimchimbia mwenyewe. Walitaka kunisaidia nikawakatalia."

Mama alisogea.

"Niliingia mimi. Wakatanda shuka juu, jua lisimpige. Wakaniteremshia, nikampokea hivi." Aliupokea mto kutoka hewani, mikono miwili, na magoti yake yaliinama kwa uzito wa kitu kisicho na uzito. "Kichwa nilikishika kwa mkono huu. Miguu haikugusa popote."

"Ukamlaza upande gani?"

"Wa kulia. Mgongo nikauegemeza na udongo, asigeuke. Nikafungua vifundo vya sanda, cha kichwani, cha tumboni, cha miguuni. Nikamfunua shavu. Shavu lake nililiweka chini, hivi."

Alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga wa uani, baba yangu, mchimba visima asiyejua kueleza hata ndoto, na mimi niliona kaburi. Wallahi niliona. Niliona shuka limetanda na mwanga wake mweupe. Mwalimu alikuwa amevua kofia.

"Udongo ulikuwa mgumu?" mama aliuliza.

"Pale pana changarawe," baba akasema. "Palinisumbua. Nikasema mtoto hawezi kulala shavu juu ya changarawe. Nikapapasa pale pa shavu, kijiwe kimoja kimoja, nikavitoa, mpaka pakabaki mchanga laini tu. Walikuwa wananiita juu, wananiambia fanya haraka, jua linapanda. Sikutoka."

"Ukavitupa wapi?"

Baba aliuweka mto chini. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile kanzu ya msumarini. Aliingiza mkono mfukoni na kuutoa umefumbwa, akaufumbua juu ya kiganja cha mama. Vilikuwa vijiwe vidogo, vya rangi ya kutu, vingine havifiki punje ya mtama.

Mama alivipapasa kwa kidole. Akavimimina ndani ya kikapu chake cha ukili, akakaa chini kwenye mchanga karibu na ule mstari, na akalia kwa sauti. Baba alikaa pembeni yake. Mwalimu alinishika bega akanivuta ndani.

Siku ya pili yake, mama aliifua ile kanzu.